UZI: Nafunga kinu cha baiopeleti kwenye tangi la matumbawe. Naitreti 50, nataka ishuke

#1 Nahodha_wa_Ruwi

Assalaam alaykum wanajukwaa, na wengine wote hamjambo.

Kwa wasionijua, mie Mzanzibari wa Muscat. Tangi langu la maji chumvi linaingia mwaka wa nne, lita 450 ukihesabu na sampu (tangi dogo la mitambo) iliyo chini ya kabati. Ndani mna kangaja wawili, samaki wadogo saba, matumbawe laini mengi, na vipandikizi kumi na vitatu vya matumbawe magumu, akropora na montipora, ambavyo ndivyo vilivyonimaliza mfukoni. Nalisha mara tatu kwa siku, maana kangaja akiwa na njaa hamwachi mwenziwe apumue.

Sasa nalipia huo ukarimu. Jana nimepima uchafu unaotokana na chakula: naitreti 50, fosfeti 0.24, zote kwa miligramu katika lita. Kwenye mwamba wa kweli naitreti haifiki hata moja, na fosfeti ni 0.02 au chini yake. Akropora zilizokuja za zambarau na kijani zimekuwa kahawia kama karafuu kavu. Si kwamba zinaumwa, ila ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe umeneemeka na mbolea mpaka umeifunika rangi yenyewe. Juu ya mawe nako mwani wa nywele umeota, ukiutazama kwa mbali utadhani kondoo.

Najua mtasema nibadilishe maji. Nimepiga hesabu. Nikibadilisha asilimia 20 kila wiki, na hapo nisilishe hata punje moja ya chakula, kutoka 50 kufika 5 ni wiki kumi. Nami nalisha. Chumvi ya dukani huku si bei ya kuchezea.

Kwa hiyo nimenunua kinu (wenyewe wanaita riakta, mie naona kinu ndiyo sawa) na chupa ya baiopeleti mililita 500. Nakifunga Ijumaa. Aliyewahi kutumia anipe maneno.

#2 Mzee_wa_Picha

Uzi bila picha ni pilau bila nyama.

#3 SatoWaMwanza

Nimekaa mkeka wa mbele, nasubiri wajuvi. Wakuu, sisi wa maji baridi mtufafanulie, hizo baiopeleti ni dawa au ni nini?

#4 MamaTumbawe

Bwana Nahodha, salaam kutoka Nyali. Mimi nimetumia miaka mitatu, nikaacha, nikarudia tena. Nikujibu wewe na huyo wa Mwanza pamoja.

Si dawa. Ni punje za plastiki, ila plastiki inayolika na bakteria. Naitreti na fosfeti zimejaa majini, bakteria wanazitaka, lakini kuna kitu wanakikosa nacho ni kaboni. Punje ndiyo kaboni yenyewe. Waziweka kwenye kinu, maji yapita kutoka chini kwenda juu, punje zaelea na kuzunguka polepole, bakteria wajibandika juu yake na kuzila. Wakila kaboni ile, lazima wavute naitreti na fosfeti kujenga miili yao. Punje zikigusana, wale waliozidi wabanduka na kutoka na maji.

Hapo ndipo watu wengi wapotea. Bakteria aliyebanduka bado yumo tangini, na uchafu umo tumboni mwake. Akifa humo humo, umerudi ulikotoka. Anayemtoa ni skima, ile mashine ya mapovu: povu lamnasa, lampandisha kikombeni, wewe wamwaga. Kwa hivyo bomba la kutokea kinu liweke mdomoni mwa pampu ya skima, si karibu karibu. Mdomoni. Skima ikiwa dhaifu, usijisumbue kununua punje.

Tena anza na kidogo. Wewe una mililita 500. Weka 150, ngoja mwezi, ongeza. Na KH yako, yaani ugumu wa kaboneti ambao tumbawe hujengea mifupa, ni ngapi?

#5 Nahodha_wa_Ruwi

Ahsante sana mama. KH yangu 11.2, ndivyo chumvi yangu inavyokuja, na miaka yote akropora zinakua vizuri.

Skima ni kubwa, imeandikwa ya lita 800. Hilo la 150 mie naona ni kwa mtu mwenye naitreti 10. Mie nna 50! Maelezo ya kwenye chupa kwa tangi la ukubwa wangu yanaruhusu mpaka 500. Nadhani nitaweka zote, bakteria wenyewe wanachukua muda kuota, si itakuwa polepole tu?

#6 MamaTumbawe

Chupa haina samaki. Wewe unao.

Ishushe KH kwanza, ifike 8 au chini kidogo, kisha uanze. Nimesema.

#7 DkMaji

Habari za jukwaani. Nipo Ujerumani, kazi yangu ni maabara ya maji taka, matangi ni ugonjwa wa jioni tu. Niongeze kidogo juu ya maelezo ya Mama.

Hiyo plastiki jina lake kitaalamu ni refu, kwa kifupi PHB na ndugu zake wa jamii ya PHA. Wanaoitengeneza ni bakteria wenyewe. Bakteria akipata chakula kingi kuliko anachohitaji anajiwekea akiba ndani ya mwili kwa umbo la vidonge vya PHB, kama sisi na kitambi. Mfaransa Maurice Lemoigne ndiye aliyeitambua miaka ya 1920, pale Institut Pasteur. Viwandani bakteria wanalishwa sukari mpaka wananenepa, kisha akiba inavunwa na kufanywa punje. Ndiyo maana bakteria wa tangini wanajua kuila: ni mafuta ya ukoo wao.

Na haikuanzia kwetu wapenda matumbawe. Wafugaji wa samaki wanaorudisha maji yale yale walikuwa wameshaanza kuijaribu kuondoa naitreti, kuna utafiti wa hapa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2000. Sisi tuliipokea kwa kelele kuanzia 2010 hivi. Kabla yake, na hata sasa, watu walikuwa wakidondosha vodka au siki tangini kwa lengo lile lile.

SatoWaMwanza, kwenye maji baridi inashusha naitreti pia, maana kwenye tabaka la ndani la utando wa bakteria oksijeni inakwisha, na huko bakteria wanapumua naitreti na kuigeuza gesi ya naitrojeni inayokwenda zake hewani. Ila skima haifanyi kazi vizuri kwenye maji baridi, povu halikai. Kwa hiyo bakteria waliobanduka utawachuja kwa njia nyingine. Kama una matanki ya sato, badilisha maji na umwagilie mchicha. Nafuu zaidi.

#8 SatoWaMwanza

Mchicha umeshasimama mkuu, tunauza mpaka Igoma. Naendelea kufuatilia.

#9 Nahodha_wa_Ruwi

Siku ya sita. Nimeandika hii saa kumi na dakika arubaini alfajiri, nimeamshwa na mlio wa maji.

Niliweka zote 500. Ndiyo, najua.

Siku tatu za mwanzo hakuna kitu, maji meupe kama kioo, nikaona mama ananitisha tu. Siku ya nne jioni yakaanza ukungu. Jana yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele, ukuta wa nyuma siuoni. Sasa hivi samaki wote wako juu, midomo nje, kangaja mkubwa amelala ubavu. Na skima imefurika, ndio mlio niliousikia, povu limejaa kabatini mpaka kwenye soketi za umeme.

Mama, DkMaji, yeyote aliye macho.

#10 MamaTumbawe

Niko macho, nalikuwa naswali.

Zima kinu sasa hivi. Maji yaliyomo ndani yake usiyarudishe tangini. Skima kikombe kioshe, kirudishe, punguza kina chake isifurike, lakini isizime, hiyo ndiyo inayoingiza hewa. Pampu ya ndani ielekeze juu, maji yachemke. Una kile kimashine cha hewa cha samaki wa dhahabu? Kitie. Dirisha lifungue. Usilishe leo wala kesho.

#11 DkMaji

Fanya vyote alivyosema Mama. Kinachowaua si ukungu, ni oksijeni. Maji chumvi ya nyuzi 26 yakishiba hewa kabisa hayabebi hata miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Bakteria wamelipuka na wanapumua usiku kucha, taa zimezimwa, mwani hautoi oksijeni nao unapumua. Kiwango cha chini kabisa ni alfajiri, saa hiyo hiyo uliyoamka. Jua likichomoza washa taa mapema.

#12 Nahodha_wa_Ruwi

Saa nne asubuhi. Kangaja mkubwa ameinuka. Mdogo mmoja nimempoteza, yule wa manjano aliyekuwa akilala ndani ya konokono mtupu. Ukungu bado upo lakini nauona ukuta.

Nilipokifungua kinu, punje za chini zimeshikana kama kashata, na harufu ya yai viza ikanipiga usoni. Mke wangu ametoka nyumbani na watoto, kasema atarudi harufu ikiondoka.

Sijui niseme nini. Niliambiwa.

#13 Kibuyu_cha_Siki

Pole sana mkuu. Hapo kwenye yai viza nataka watu wote wa Bongo wasome mara mbili, kwa sababu sisi huku tuna tatizo lako hata tusipozidisha punje.

Umeme ukikatika masaa manne, punje zinalala chini. Bakteria waliomo humo ndani ya silinda iliyofungwa wanamaliza oksijeni, halafu naitreti, halafu wanahamia kwenye salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo tele. Kinachotoka ni haidrojeni salfaidi, ndiyo hilo yai viza. Ni sumu. Umeme ukirudi saa nane usiku wewe umelala, pampu inaamka na kuisukuma yote tangini. Jamaa yangu mmoja Tabata alipoteza tangi zima hivyo, asubuhi alikuta supu.

Ndiyo maana mimi nilishauza kinu changu. Natumia siki ya dukani, ile ya asilimia 5. Pampu ndogo ya matone inaingiza kidogo kidogo mchana kutwa, karibu na skima. Umeme ukikatika, matone yanakoma, hakuna kinachooza. Na ukiona ukungu unaacha, kesho yake kaboni imekwisha. Punje huwezi kuziambia ziache.

#14 Nahodha_wa_Ruwi

Siki nimeisikia. Kuna mtu hapa aliniambia vodka ndiyo bora, nikamwambia hiyo haiingii nyumbani kwangu hata kwa ajili ya matumbawe.

#15 Kibuyu_cha_Siki

Hahaha. Hukosi kitu. Ukihesabu kaboni, mililita 1 ya vodka ya asilimia 40 ni sawa na mililita 8 hivi za siki. Siki inashusha pH kidogo basi. Anza na mililita 5 kwa siku kwa tangi kama lako, ongeza 5 kila wiki huku unapima.

#16 MamaTumbawe

Siki yafaa, sikatai. Lakini yataka mtu wa kuikumbuka kila siku, na pampu ya matone ikikwama ikiwa wazi, chupa nzima yaingia. Kila kitu chaweza kukuulia samaki, wewe chagua unachoweza kukilinda. Mimi kwa umeme wa Mombasa nimefunga betri ndogo kwa pampu ya kinu peke yake. Na hiyo pampu ikizima kabisa, kuna kibomba chenye koki: nikirudi namwaga maji ya kinu ndooni kwanza, ndipo nawasha.

#17 Nahodha_wa_Ruwi

Wiki ya tatu. Niliwaambia kinu nimekizima? Nilikizima siku nane tu. Nikakirudisha na mililita 150, kama nilivyoambiwa mwanzo. Naitreti imeshuka mpaka 30, mwani wa nywele unakatika wenyewe ukiupulizia maji. Nikafurahi.

Leo akropora tatu zimeanza kumeguka nyama kutoka chini, kwenye shina. Kila asubuhi weupe umepanda kidogo, kama mshumaa unaoyeyuka kinyumenyume. Hazina wadudu, nimezichovya. Joto 26, chumvi 1.026. Kalsiamu 430. KH 11.0.

#18 MamaTumbawe

Hiyo ya mwisho.

#19 DkMaji

Ndiyo. Wafugaji wengi wamepita hapo ulipo, mimi pia. Kwenye maji yenye mbolea nyingi, KH 11 inavumilika, tumbawe lina chakula cha kutosha na linajenga mifupa kwa kasi. Ukiondoa mbolea ghafla na kuiacha KH juu, maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mifupa inataka kuendelea na mwendo ule ule huku nyama haina cha kujijengea. Inaanza kuachia kwenye shina au inaungua kwenye ncha. Ndiyo sababu wanaotumia peleti, siki au mifumo mingine ya maji maskini wanakaa kati ya 7 na 8.

Usiishushe kwa siku moja. Acha kuongeza bafa ya kupandisha KH, matumbawe yenyewe yataila. Nusu digrii kwa siku isizidi. Na ukibadilisha maji tafuta chumvi ya KH 8, zipo.

Zile tatu kata juu ya weupe, sentimita moja ndani ya nyama nzima, gundisha upya. Mashina yameshakwenda.

#20 Nahodha_wa_Ruwi

Nimekata. Vipande vitano vimebaki katika tatu. Moja ilikuwa kubwa kama bakuli, niliikuza kutoka urefu wa kidole. Nimeliacha shina lake juu ya jiwe, siwezi kulitupa bado.

#21 Mzee_wa_Picha

Pole Nahodha. Leo siombi picha.

#22 Nahodha_wa_Ruwi

Wiki ya tisa, narudi na hesabu, na nna swali kwa Daktari.

KH 7.8, imekaa hapo wiki tatu. Punje sasa 250. Naitreti 12. Skima inatoa kitu kizito, cheusi kama kahawa yetu ya huku lakini harufu usiombe, nusu kikombe kila siku mbili. Katika vile vipande vitano, vinne vimeshika, vimeanza kupanda juu ya gundi.

Swali langu ni fosfeti. Ilikuwa 0.24, leo 0.19. Naitreti imeshuka robo tatu na zaidi, fosfeti haijashuka hata robo. Nilisoma kwamba bakteria wanakula vyote viwili kwa uwiano maalumu. Uwiano gani huu?

#23 DkMaji

Swali zuri, na jibu lake limewachanganya wengi.

Uwiano unaousema ni wa Redfield. Alfred Redfield, Mmarekani, alipima maji ya bahari na viumbe vidogo vinavyoelea, akaandika mwaka 1934 kwamba uwiano wao unafanana karibu kila mahali. Leo tunautaja hivi: atomu 106 za kaboni, 16 za naitrojeni, 1 ya fosforasi. Ukizigeuza kwa lugha ya vipimo vyetu, bakteria akichukua miligramu 1 ya fosfeti anachukua kama 10 za naitreti.

Sasa tazama tangi lako la mwanzo. Naitreti 50 kwa fosfeti 0.24, hiyo ni zaidi ya 200 kwa 1. Kwa Redfield peke yake fosfeti ndiyo ingekwisha kwanza, baada ya kushusha naitreti 2.4 tu! Kisha bakteria wangekwama kwa kukosa fosfeti na naitreti ingebaki juu. Wewe umeona kinyume. Kwa nini?

Mambo mawili. La kwanza nilimwambia SatoWaMwanza: sehemu ya naitreti hailiwi, inapumuliwa kwenye tabaka lisilo na oksijeni na kutoka kama gesi. Huko fosfeti haihusiki kabisa. Sasa 38 zako zilizoshuka, nyingi zimepita mlango huo. La pili ni mawe yako. Jiwe la mwamba ni chokaa, na chokaa inashika fosfeti. Miaka minne umelisha mara tatu kwa siku, mawe yamekunywa. Ukishusha fosfeti majini, mawe yanatapika. Bakteria wako wanaila kila siku, na kila siku mawe yanaijaza. Kipimo hakikuonyeshi kazi, kinakuonyesha salio.

Kwa hiyo peleti peke yake haitakumalizia fosfeti. Naitreti itafika sifuri, bakteria watasimama kwa kuikosa, na fosfeti itabaki ikikutazama. Weka chembe za oksidi ya chuma kwenye mfuko mdogo, vijiko vitatu vya chakula hivi kwa tangi lako, badilisha kila wiki mbili. Kidogo! Ukiinyonya fosfeti kwa pupa utarudi wiki ya tatu.

#24 Mtoni_Kwetu

Nimepita kusoma tu lakini hapo kwenye chokaa na fosfeti nimekumbuka jambo. Mimi naishi Unguja. Kuna utafiti ulichapishwa 1995 juu ya miamba ya karibu na Mji Mkongwe, ambako maji machafu ya mjini yanaingia baharini. Waliangalia ule mwani mwekundu wa chokaa, ukoko wa waridi unaofunika mawe na kuyashikanisha. Karibu na mji, penye fosfeti nyingi, ulikuwa haba, na kadiri ulivyokwenda mbali na mji uliongezeka. Fosfeti inauzuia kujenga chokaa.

Kwenye matangi yenu ukoko huo mnao?

#25 Nahodha_wa_Ruwi

Ndugu yangu wa Mtoni, umenigusa. Mwaka wa kwanza glasi ya nyuma ilikuwa ya waridi yote, nikawa naikwangua kwa kadi ya simu. Mwaka wa tatu ukatoweka, nikafikiri konokono wameula. Sasa hivi naona vidoa viwili vitatu kwenye pampu.

Na sisi huku nasi tuliyaona. Mwaka 2008 kuingia 2009 bahari ya Oman iligeuka nyekundu na kahawia kwa miezi, mwani mdogo ulilipuka, samaki wakafa wengi, mpaka mitambo ya kuchuja chumvi ya nchi za huku ikasimamishwa. Tangu hapo maji ya tangi siyateki baharini, hasa miezi ya Khareef, ambapo upepo wa kusi unayapandisha juu maji ya kina kirefu yenye mbolea. Mtu utateka fosfeti kwa ndoo.

#26 Kibuyu_cha_Siki

Nahodha umewahi kuwaza kwamba kipimo chako cha fosfeti ndicho kinachokudanganya? Unatumia kipi?

#27 Nahodha_wa_Ruwi

Kile kidogo cha mkononi cha namba. Kinasoma ppb (sehemu katika bilioni), nagawa kwa 1000. Leo kimesoma 190.

#28 Kibuyu_cha_Siki

Aisee. Kinasoma ppb za fosfeti au za fosforasi? Angalia kijitabu.

#29 Nahodha_wa_Ruwi

…Fosforasi.

#30 Kibuyu_cha_Siki

Basi zidisha kwa 3.066 kabla ya kugawa. Hujawa na 0.19, una 0.58. Na ulianza na 0.74.

#31 MamaTumbawe

Subhanallah. Na matumbawe yalikuwa yakiishi humo.

#32 DkMaji

Hesabu zangu za #23 zirekebisheni: si 200 kwa 1, ni kama 68 kwa 1, na fosfeti ingekwisha baada ya kushusha naitreti 7 hivi. Hoja inabaki pale pale. Ila sasa ninaelewa kwa nini ukoko wa waridi ulimkimbia. Kibuyu, heshima yako.

#33 Nahodha_wa_Ruwi

Mwezi wa tano. Sikuandika kwa sababu hakukuwa na la kuandika, na hilo peke yake ni habari.

Naitreti 4. Fosfeti, kwa hesabu sahihi sasa, 0.09. Chembe za chuma nabadilisha kila Ijumaa ya pili. Punje bado 250, zinapungua zenyewe kwa kuliwa, naongeza vijiko viwili kila wiki sita, sibadilishi zote. Mtiririko nimeupata: zizunguke taratibu kama uji unaochemka kwa moto mdogo. Ukiongeza nguvu bakteria wanabanduka kabla hawajashiba, ukipunguza unapata kashata.

Kati hapa nilipata utando mwekundu mchangani, ule unaofanana na maini. Nikawauliza faraghani Mama na Daktari, wakanijibu neno moja kila mmoja bila kujuana: maji yanakoenda. Ulikuwa umekaa pale tu ambapo bomba la kinu lilikuwa limechomoka kutoka kwenye mdomo wa skima, likawa linamwaga kwenye chumba kingine cha sampu. Nimelirudisha na kulifunga kwa kamba, wiki tatu utando umekwisha.

Akropora: kijani imerudi. Zambarau bado, ila ncha zina buluu. Lile shina la ile kubwa niliyoiacha juu ya jiwe lina ukoko wa waridi mwili mzima.

#34 SatoWaMwanza

Mkuu usiende sifuri sasa, si ndivyo mlivyosema?

#35 MamaTumbawe

Umefuzu, Mwanza. Naitreti ikikaa sifuri wiki nzima, apunguze punje au alishe zaidi. Mimi nilifika sifuri mwaka wa pili nikajisifu, zikaja dino, ule ute wa kahawia wenye mapovu ya hewa. Konokono wote wakafa. Ndipo nikaacha ile mara ya kwanza. Mimi sasa naitreti yangu naiweka kati ya 2 na 5, sitaki chini.

#36 Nahodha_wa_Ruwi

Nshapunguza hofu ya kulisha, mama. Kangaja wamerudi mara tatu kwa siku.

#37 Kibuyu_cha_Siki

Nahodha, ulinunua 500, unatumia 250 na kidogo. Hizo zilizobaki unauza?

#38 Nahodha_wa_Ruwi

Wewe si mtu wa siki?

#39 Kibuyu_cha_Siki

Nimenunua betri.

#40 Nahodha_wa_Ruwi

Umechelewa, nimemwahidi Mama. Binamu yangu anasafiri Mombasa Alkhamisi, nimezitia kwenye mkebe wa halua.

#41 MamaTumbawe

Mwambie binamu asiufungue mbele ya watoto. Na mle ndani utie na halua.

#42 Mzee_wa_Picha

Miezi mitano. Picha.